Aleksithimia: ni maradhi, ni tabia, au ni Kigiriki tu? Kakangu hakulia kilioni

#1 BintiKuze
Assalaam alaykum na habari za jioni. Wajuzi wa maneno na wa mambo ya akili, naomba msaada.

Mamangu alifariki mwezi uliopita. Kakangu ni dereva wa trela, njia yake Mombasa hadi Kampala, na siku ile alikuwa Malaba akirudi na kontena tupu. Mama tulimzika baada ya alasiri, kakangu hakuwahi. Akafika usiku wa pili, akaingia barazani na kandambili zake zimejaa vumbi, watu wakampa pole. Ami yetu akamwuliza, "Vipi mwanangu, umeipokeaje habari?"

Akajibu hivi, na sipunguzi neno: simu aliipokea saa tisa na dakika kumi. Mbele yake palikuwa na magari kumi na matatu. Tairi la nyuma kushoto likapasuka kabla ya Salgaa, yeye na taniboi wakalibadilisha kwa dakika arobaini. Mtito Andei wakanywa chai. Mariakani kwenye mizani hawakukawia kwa kuwa hawakuwa na mzigo. Ami kamwuliza alivyoipokea habari, yeye kaeleza alivyoipokea simu.

Siku ya khitma akala sahani mbili za pilau. Chozi halikutoka. Dadangu mkubwa hasemi naye tangu siku hiyo, na juu ya hayo nyumbani kuna ugomvi wa vyombo vya mama. Hata mbuzi ya kukunia nazi imepotea, kila mmoja anamshuku mwenziwe.

Wiki iliyopita tumbo likamshika, mkewe akampeleka kliniki. Baada ya vipimo akazungumza nusu saa na mshauri, na mshauri akaandika neno moja kwenye karatasi: aleksithimia. Wifi akaambiwa "hana mawasiliano na hisia zake", basi, wakatoka.

Neno hili maana yake hasa ni nini? Limetoka wapi? Na sisi kweli hatuna letu?

#2 Kijana wa Likoni
Pole sana dadangu. Lakini Alex ndiye nani, na alimfanya nini Thimia?

#3 MamaPilau
Wee Likoni, mwenzio kafiwa. Una adabu za feri saa kumi na mbili jioni.

BintiKuze, Mungu amrehemu mama. Mie naona mnatafuta jina la Kizungu kwa kitu tunachokijua. Kakako ni mwanamume. Mume wangu marehemu alipozika mtoto wetu wa kwanza alirudi nyumbani akakaa kutengeneza bawaba ya mlango. Siku nzima. Mlango wenyewe haukuwa na kitu.

#4 Msomi wa Mbaraki
Neno ni la Kigiriki, limeunganishwa vipande vitatu: *a* ni "bila", *leksis* ni "neno", *thimos* ni "moyo" au "roho" kwa maana ya mahali zinapokaa hisia. Kwa hiyo: asiye na maneno ya moyo. Lilitungwa na madaktari wa Kijerumani zama za Freud, yule daktari wa nafsi.

#5 Nesi Mstaafu
Msomi, vipande umevipata, mtungaji umemkosa. Ni Peter Sifneos, daktari wa akili aliyezaliwa Ugiriki na kufanya kazi Boston, Marekani. Alilitumia kwenye kitabu chake cha 1972, kisha kwenye makala ya 1973 ambayo ndiyo hutajwa zaidi. Mwenzake kwenye kazi hiyo alikuwa John Nemiah. Freud alikuwa kaburini tangu 1939.

Na alichokiona Sifneos ndicho kilichonifanya nijibu uzi huu. Alikuwa akipokea wagonjwa wa maradhi ya mwili ambayo wakati ule yalidhaniwa yanatokana na mawazo: vidonda vya tumbo, pumu, na mfano wa hayo. Ukimwuliza mgonjwa "ulijisikiaje mkeo alipoondoka?" anakueleza mkoba ulikuwa rangi gani na basi liliondoka saa ngapi. Maelezo mengi, madogo madogo, sahihi kabisa, na ndani yake hakuna hisia hata moja iliyotajwa kwa jina. Ndoto hawana, au wanazo chache na kavu. Ndoto za mchana ndiyo kabisa.

Sasa rudi bandiko la kwanza. Saa tisa na dakika kumi. Magari kumi na matatu.

#6 BintiKuze
Nesi, mwili umenisisimka. Na ndivyo alivyo siku zote, si msiba tu. Harusi yake mwenyewe aliisimulia kwa idadi ya viti.

#7 Mtanga Asilia
Salamu kutoka Tanga, majirani. Naomba tusichanganye. Mshauri kasema "hana mawasiliano na hisia zake". Likoni na wenzake watasikia "hana hisia". Ni vitu viwili. Kwa maelezo ya Nesi, hisia zipo ila hazina maneno. Mtu asiyejali kabisa ana jina lingine, na asiyeonja raha ya kitu chochote ana jina lingine pia, anihedonia, alilolitunga Mfaransa Théodule Ribot mwaka 1896. Na mwenye kujitenga na watu kwa sababu hawahitaji naye ana lake. Wazungu wana kabati yenye droo nyingi hapo.

#8 Kijana wa Likoni
Mimi nina droo ya kusahau nauli.

#9 Mzee wa Baraza
Nimesoma kimya kimya, sasa niseme. Nilifanya kazi miaka 11 kwenye meli za Wagiriki, Kigiriki cha jikoni na cha sitahani nakijua. Kwanza, *thimos* kwa Mgiriki wa leo si moyo, ni hasira. Nahodha wetu akipandwa na *thimos* hata paka alishuka ngazi.

Pili, na hapa Msomi anisikilize vizuri, wao wana *aleksi* nyingine, ya kukinga. Mwavuli wa kurukia kutoka ndegeni wanauita *aleksiptoto*, kinga ya kuanguka. Kioo kisichopenya risasi ni *aleksisfero*. Fimbo ya radi juu ya nyumba ni *aleksikeravno*. Na Aleksanda yule mfalme maana yake ni mlinzi wa watu. Kwa hiyo, Likoni, swali lako la Alex halikuwa la kijinga kama ulivyokusudia.

Basi mie nikilisikia neno hili silisikii "bila maneno". Nalisikia "kinga-moyo". Mtu amejiwekea bati.

#10 Msomi wa Mbaraki
Mzee, heshima yako, nimejifunza. Ila Sifneos alieleza mwenyewe kwamba amekusudia "bila maneno ya hisia". Mwenye kutunga kasema.

#11 Mzee wa Baraza
Mwenye kutunga ana neno lake, na neno lina nia yake. Na yeye Mgiriki, wadhani hakuzisikia zote mbili?

#12 Mtanga Asilia
Lakini tofauti ya hapo si ya mchezo. Ukisema "bila maneno" ni upungufu, mtu hakupewa. Ukisema "kinga" ni kazi, mtu anafanya bila kujijua. Hata wataalamu wamegawanyika hapo hapo: wengine wanasema ni umbile, wengine wanasema ni ngao iliyojengwa baada ya jambo zito.

#13 Msomi wa Mbaraki
Niongeze la Wafaransa, maana Boston hawakuanza wao. Mwaka 1963 Pierre Marty na Michel de M'Uzan wa Paris walieleza wagonjwa wa namna hiyo hiyo, wakauita mtindo wao "fikra ya utendaji". Mtu anafikiri kwa vitendo tu: nilifanya hiki, kisha kile. Ndani ya maneno yake hamna picha wala tamaa wala hofu. Na ukisoma wanavyowaeleza, waona kama daktari ndiye aliyechoshwa na mazungumzo.

#14 MamaPilau
Hapo penye daktari kuchoka ndipo niamini.

#15 Kijana wa Likoni
Sasa nizungumze kweli. Tumbo lake linauma kwa sababu amemeza huzuni. Vidonda vya tumbo vyatokana na mawazo, kila mtu ajua. Mficha maradhi kilio humfichua, na huyu kilio hakikumfichua, kimefichua tumbo.

#16 DawaTu
Likoni, methali umeipinda vizuri, ila dawa umekosea. Mimi niko nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na maneno haya nayasikia kila siku. Huko Chicago alikuwako Franz Alexander, aliyekusanya maradhi saba na kusema yana mizizi kwenye nafsi, vidonda vya tumbo vikiwamo. Ndiyo hewa aliyokuwa akivuta Sifneos. Kisha Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, wakaonyesha kwamba vidonda vingi vinaletwa na bakteria. Marshall aliwanywa mwenyewe hao bakteria mwaka 1984 apate kuthibitisha, akaugua tumbo, na 2005 wote wawili wakapewa Nobel.

Kwa hiyo dada, kakako apimwe bakteria. Pia umwulize anakunywa dawa gani za maumivu barabarani. Madereva wanameza za mgongo kama njugu, na hizo nazo zatoboa tumbo bila msaada wa huzuni.

#17 Kijana wa Likoni
Naomba radhi kwa bakteria.

#18 BintiKuze
DawaTu, ahsante. Za mgongo anameza, na si kidogo. Nitamwambia wifi.

#19 Fundi Cherehani
Mwamzungukia mbuyu. Dereva wa masafa, usiku hadi asubuhi, ashika nini mdomoni? Muguka, yale majani ya jamii ya miraa. Shavu limejaa, moyo umekufa. Ndio maana kaunti ilijaribu kupiga marufuku 2024.

#20 Wa Changamwe
Na mahakama ikasimamisha ile marufuku. Fundi, mimi ni wa bara, wajomba zangu wametafuna tangu sijazaliwa na matangani wanalia mpaka mnawashika mikono. Kwanza ukishatafuna waongea usiku kucha. Shida yake si kukosa maneno.

#21 BintiKuze
Kakangu hatafuni. Peremende za tangawizi tu.

#22 Shangazi wa Langoni
Hamjambo wa Mombasa. Niko Lamu na swali la tatu limeachwa: sisi hatuna letu? Tunalo na tunazidi.

Kuna *ganzi*. Mguu ukiukalia wafa ganzi, upo ila hauusikii. Watu husema moyo umekufa ganzi, na naona hilo linalingana na alivyosema wa Tanga kwamba kitu kipo. Kuna *kifua*: fulani ana kifua, yaani jambo likiingia halitoki. Lakini kifua ni sifa, tunamsifu mtu kwacho, na mwenye kifua anajua alichokiweka humo. Kuna *moyo mkavu*, na hilo ni tusi au karibu na tusi. Kuna *kupigwa na butwaa*, hilo ni la muda, lapita. Na kuna *kujikaza*, nalo ni tendo la kukusudia.

Huyo kakako hajikazi, maana mwenye kujikaza utamwona mishipa. Wala si mkavu. Mie ningesema *bubu wa moyo*. Bubu ana akili zake na mambo yake yote, la kutamkia ndilo hana.

#23 Mtanga Asilia
Shangazi, "ububu wa moyo" nalichukua, ruhusa utanipa baadaye. Ila kasoro moja: bubu ajua anachotaka kusema, ndio maana anaashiria kwa mikono. Kama nimemwelewa Nesi, huyu hata kwa ndani hajui ni huzuni au ni njaa.

#24 Msomi wa Mbaraki
Na angalia utajiri tulionao: huzuni, simanzi, majonzi, jitimai, msononeko. Watanzania wamechukua *sonona* wakaifanya jina la maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka. Mtu hawezi kukosa maneno ya moyo kwa lugha hii, atakosa mwenyewe.

#25 MamaPilau
Msomi, hebu niambie tofauti ya simanzi na jitimai. Sasa hivi, bila kamusi.

#26 Msomi wa Mbaraki
...Jitimai ni zito zaidi?

#27 MamaPilau
Nawe nenda kliniki.

#28 Kreni Nambari Tatu
Nimekuwa nasoma huku miaka minne bila kuandika. Leo naandika.

Mimi ndiye huyo. Nafanya kazi Kilindini, juu ya kreni. Mke wangu huniambia "umekasirika" kabla mimi sijajua. Nikimwuliza amejuaje, asema ameniona taya. Basi nashika taya na kweli naikuta imebana. Hapo ndipo najua. Huzuni kwangu inakuja kama mafua: mwili mzito, macho yauma, nameza panadol na kulala. Siku ya tatu nakumbuka kwamba ni tarehe aliyokufa rafiki yangu.

Watu wakisema sina hisia si kweli. Ni kama redio ya jirani. Nasikia kwamba inaimba, ngoma naisikia ukutani, maneno siyapati.

Kuna kipimo kimetoka Toronto, wakakikamilisha 1994, kina maswali 20, kila swali alama 1 hadi 5. Ukipata 61 kwenda juu umo. Nilipata 66. Lakini niwaulize wenye elimu: maswali yenyewe yanauliza kama najua ninachohisi. Kama sijui, nitajuaje kwamba sijui? Nusu ya majibu nilimwuliza mke wangu.

#29 Nesi Mstaafu
Kreni, karibu, na umegonga penyewe. Lawama hiyo dhidi ya kipimo hata wataalamu wanaitoa: unamwomba asiyeona akueleze giza lilivyo.

Niweke na hili: aleksithimia si maradhi rasmi. Katika kitabu cha Wamarekani cha kuorodhesha maradhi ya akili haimo kama ugonjwa unaosimama peke yake. Inahesabiwa kama sifa ya mtu, kwa wengine nyingi, kwa wengine kidogo. Finland waliwapima watu wazima, matokeo yakachapishwa 1999: asilimia 13 walikuwa nayo, wanaume 17 na wanawake 10. Na kati ya wenye usonji inakutwa karibu kwa nusu yao.

#30 MamaPilau
17 kwa 10! Nilisema nini bandiko la tatu? Mvulana wa miaka minne akianguka tunamwambia "simama, mwanamume halii". Msichana tunamwuliza "umeumia wapi?" Yule wa pili kafundishwa kutafuta mahali na kupataja. Yule wa kwanza kafundishwa kusimama.

#31 Mtanga Asilia
Bi mkubwa, hapo naona, lakini hao wanawake 10 kila 100 nao nani aliwaambia wasilie? Malezi hayafungi hesabu yote.

#32 Nesi Mstaafu
BintiKuze, samahani kama naingilia. Kakako alilelewa na mama mwanzo mpaka mwisho?

#33 BintiKuze
Hapana. Alipokuwa na miaka mitatu mama aliugua sana baada ya kunizaa mimi. Kakangu akapelekwa kwa shangazi, Faza, akakaa karibu miaka miwili. Hadithi yenyewe nyumbani husimuliwa kama kichekesho: aliporudi alishuka kwenye jahazi, mama akamfungulia mikono, yeye akamwamkia "Shikamoo shangazi" na kuuliza choo kiko wapi.

Sote hucheka. Sasa nimeiandika sioni kinachochekesha.

#34 Nesi Mstaafu
Ahsante kwa kutuambia. Mwaka 1952 James Robertson, Mskoti, alipiga filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa hospitali London siku nane bila mama. Wakati huo wazazi walikatazwa kukaa wodini, na watoto wakinyamaza manesi walifurahi, "amezoea". Robertson na bosi wake John Bowlby wakasema hapana, hakuzoea. Mtoto anapitia hatua tatu: kwanza apiga kelele, kisha akata tamaa, kisha ajitoa. Ile ya tatu ndiyo watu huiona kuwa adabu nzuri. Mama akirudi anamtazama kama mgeni.

Na la karibu na sisi zaidi: Mary Ainsworth, aliyefanya kazi na Bowlby, utafiti wake wa kwanza wa mama na watoto hakuufanya Ulaya. Aliufanya vijijini karibu na Kampala, 1954 na 1955, akizitembelea familia 26 za Kiganda, kitabu kikatoka 1967. Huko ndiko alianza kupanga watoto kwa namna wanavyomshika mama. Baadaye Baltimore akawakuta watoto wa mwaka mmoja ambao mama akitoka chumbani hawalii, akirudi hawamtazami, wanachezea vitu vyao. Watafiti wengine waliwafunga vipimo vya mapigo ya moyo watoto wa aina hiyo miaka ya 1970. Uso mtulivu, mkono unachezea kitu, na moyo unakwenda mbio.

#35 Kreni Nambari Tatu
Hilo la mapigo ya moyo limenikalia. Nitarudi kesho.

#36 Fundi Cherehani
Nesi, kwa heshima, basi pwani yote ina aleksithimia. Nani hapa hakulelewa na nyanya, ama shangazi, ama mke wa ami? Mimi mamangu nilimjua nina miaka sita na kilioni kwake nililia mpaka nikapoteza kiatu.

#37 Shangazi wa Langoni
Fundi amesema kweli. Na mtoto kupelekwa Faza si kutupwa, shangazi ni baba wa kike. Hao Wazungu walikuwa na mtoto mmoja, mama mmoja, na mlango umefungwa. Huku mtoto akishuka jahazini ana mikono ishirini.

#38 Nesi Mstaafu
Shangazi, sipingi, na Ainsworth mwenyewe aliona Uganda mtoto anashikwa na wengi. Sikusema ndiyo sababu. Nimeuliza tu.

#39 Wa Changamwe
Mimi naona mnasahau dini. Wengine wanafundishwa kwamba kulia ni kukosa imani. Lakini Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, ni mstari mfupi hata mtoto wa Jumapili aujua.

#40 Mzee wa Baraza
Kweli, na Mtume wetu alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akaulizwa, akasema hayo ni rehema. Kinachokatazwa ni kupiga mayowe na kurarua nguo. Subira si ukavu. Wengi wetu tumeshika nusu ya somo.

Na Wagiriki walikuwa na ugomvi huo huo kitambo. Wale wanafalsafa wa Zeno waliita *apathia* hali ya kutotawaliwa na jazba, wakaiona ndiyo kilele cha hekima. Neno likatembea, likafika kwa Wazungu, likawa uvivu wa kujali. Sifa imegeuka kilema njiani.

#41 Kijana wa Likoni
Mzee, kwenye hizo meli mlikuwa mnapakia mizigo ama mnasoma?

#42 Mzee wa Baraza
Bahari ya Hindi ni kubwa, mwanangu, na paka alikuwa hazungumzi.

#43 DawaTu
Moja la dukani kabla sijafunga. Baadhi ya dawa za kutibu sonona nazo hufanya watu waseme "silii wala sicheki". Kama kuna anayezitumia na yuko hivyo, amwambie daktari wake, asiziache ghafla. Kwa kakako sidhani, hajatajwa kuzitumia.

#44 Kreni Nambari Tatu
Nimerudi. Jana usiku nilimwomba mke wangu aweke kidole kwenye mshipa wa mkono wangu halafu anitajie marehemu rafiki yangu. Alihesabu, akasema umeongezeka. Mimi nilikuwa naangalia taarifa ya habari na sikuona tofauti yoyote. Tumecheka. Sijui kama inathibitisha kitu.

#45 Msomi wa Mbaraki
Inathibitisha una mke mzuri.

#46 BintiKuze
Nina la kuwaambia, na sijui mtalipanga droo gani.

Leo nimempelekea kakangu chakula Miritini, yuko yadi anangoja mzigo. Alikuwa chini ya trela na spana, akaniambia niweke bakuli ndani ya kabini. Nimepanda. Nyuma ya kiti, pale anapolala, pana kitu kimefungwa kwa kanga. Kanga ni ya mama, ile ya kisutu. Nikaifungua kidogo: mbuzi ya kukunia nazi.

Akapanda, akaniona nimeishika. Nikamwuliza, kaka, hii imekuwaje? Akasema, "Mguu mmoja ulikuwa unatingika. Nikaichukua niutengeneze." Nikautikisa mguu. Hautingiki. Una msumari mpya na gundi ya mbao imekauka kitambo. Nikamwambia, mbona ishatengenea? Akaitazama, akasema, "Ndiyo, nilimaliza Voi, safari ya mwanzo. Msumari wa inchi mbili ulikuwa mrefu, nikatia wa moja na nusu."

Kisha akauliza kama nimeleta pilipili.

#47 MamaPilau
Ya Rabbi. Bawaba ya mlango.

#48 Mtanga Asilia
Hapo sina la kusema, ila nina swali. Je, ameiweka kwa sababu ya mama na hajui, au ameiweka kwa sababu ya mama na anajua ila hana neno, au kweli alisahau kuirudisha?

#49 Mzee wa Baraza
Alisahau safari ngapi?

#50 BintiKuze
Nne tangu msiba.

#51 Fundi Cherehani
Mimi nasema kasahau. Madereva hubeba kila takataka humo ndani. Mjomba wangu alizunguka na mlango wa jokofu mwaka mzima.

#52 Shangazi wa Langoni
Amefunga kwa kanga ya kisutu, Fundi. Mlango wa jokofu ulifungwa kwa kanga?

#53 Fundi Cherehani
Turubai.

#54 Kreni Nambari Tatu
BintiKuze, usimwulize tena. Si kwa kumwogopa. Mimi nikiulizwa "kwa nini umeweka" hutafuta jibu, na jibu nitakalolipata litakuwa la msumari, kisha nitaliamini.

#55 Nesi Mstaafu
Kreni kanizidi. Ila kliniki arudi, angalau kwa tumbo.

#56 BintiKuze
Miadi yake ni Jumanne. Bakteria watapimwa, DawaTu. Shukrani nyote.

#57 Kijana wa Likoni
Na dadako mkubwa keshaambiwa mbuzi iko wapi?

#58 BintiKuze
Bado. Nazi tunanunua Marikiti, ya kukunwa.